Usisafishe kila kitu

Wandugu, nianze na kosa langu mwenyewe. Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilipanda Rurambo na simu ya bei ndogo, nikamrekodi babu akipiga inanga. Babu alijifunza ng'ambo ya Rusizi, Burundi, akiwa kijana, na alikuwa anaimba kwa kunong'ona, jinsi wanavyofanya kule. Ndani ya ile rekodi unasikia kuku, unasikia mvua kwenye mabati, unasikia mtu anakohoa.

Niliporudi Uvira nikaipeleka studio moja ya mjini. Fundi akasikiliza kidogo tu, akasema: "Petit, hii iko chafu sana. Acha nisafishe." Akasafisha, akaweka na ngoma za kompyuta chini yake. Nikalipa, nikashukuru, nikafuta rekodi ya kwanza ili nipate nafasi kwenye memori.

Leo babu hayupo, na kwenye ile rekodi "safi" maneno yake hayamo. Mnong'ono ni pumzi, na kwa programu ya kuondoa kelele, pumzi na mvua ni kitu kimoja. Kuku wameondoka, na babu ameondoka pamoja nao. Zimebaki nyuzi.

Njo maana nataka tuongelee diski tatu ambazo wengi wetu hatujazisikiliza, ama tulizisikiliza nusu dakika tukasema "miksi mbaya" na kuendelea na za Fally.

Ya kwanza ni ya nchini mwetu. *Congotronics* ya Konono N°1 ilitoka 2004 kwa Crammed Discs, lebo ndogo ya kujitegemea ya Brussels. Mzee Mingiedi Mawangu alikuwa anapiga likembe Kinshasa, na likembe haiwezi kushindana na kelele za barabara. Basi kundi likatengeneza vinasa sauti vyake kwa sumaku za magari makuukuu, likapitisha muziki kwenye vipaza sauti vya zamani. Sauti ikatoka imekwaruzwa, imevimba, inavuma. Walikuwa wanatafuta nguvu tu, wasikike. Lakini sikiliza vizuri: ule mvumo unaunganisha likembe tatu kuwa ukuta mmoja, na juu yake kila noti inaruka kama cheche. Ukiondoa mvumo, unabaki na likembe tatu ndogo zinazorudia kitu kilekile. Shida iligeuka kuwa chombo cha muziki.

Ya pili ni *Sounds of Sisso*, 2017, mkusanyo wa singeli kutoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Iliyoitoa ni Nyege Nyege Tapes, lebo changa ya Kampala. Humo wamo kina Bamba Pana na Makaveli. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, na kinanda kinalia kama simu iliyoharibika. Mara ya kwanza nilidhani faili yangu imeharibika kweli. Kumbe hapana. Tofauti na Konono, hapa hakuna aliyelazimishwa. Mtu mwenye kompyuta anaweza kupunguza mwendo kwa kubonyeza mara moja, na hawa waliamua kuuongeza. Ni muziki wa sherehe za uswahilini, za watu wanaobanana uani mpaka asubuhi, na ile haraka ndiyo habari yenyewe: maisha ya kijana wa mtaani anayekimbizana na siku.

Lakini nisiwe mshangiliaji tu. Ukiisikiliza yote kwa mkupuo, umekaa peke yako chumbani, inachosha. Nyimbo nyingi zinaanzia juu na kubaki juu, na baada ya muda sikio halitofautishi tena. Muziki huu uliumbwa kwa watu wanaocheza, na diski haiwezi kuwaleta wale watu chumbani mwako. Pia kuna jambo la kuuma: lebo iko Kampala, wanamuziki wako Dar, lakini kanda zake zinanunuliwa kwa kadi ya benki kwenye intaneti. Mwanafunzi wa Kimanga ama Mulongwe ataipata wapi hiyo kadi? Sisi inatufikia kwa WhatsApp, imebanwa tena na tena. Wa Berlin anasikia ule ukwaruzo kama ulivyokusudiwa. Jirani anasikia nusu yake.

Ya tatu haikutoka kwa lebo ya vijana. Ni ya Ocora, lebo ya redio ya Ufaransa: rekodi za muziki wa jadi wa Burundi zilizofanywa na Michel Vuylsteke mwaka 1967. Wengi wanaikumbuka kwa sababu ya ngoma. Mimi nakuomba uruke ngoma, uende kwenye inanga ya kunong'ona. Mnong'ono hauna juu wala chini. Ujaribu sasa hivi, nong'ona jina lako kwa sauti ya juu halafu ya chini, utaona. Na Kirundi ni lugha ambayo maana inategemea kupanda na kushuka kwa sauti. Sasa mpigaji anafanyaje? Nyuzi zinafuata njia ambayo neno lingepita, na sikio lako linachukua ule wimbo wa nyuzi na kuupa mnong'ono. Unaapa kwamba yule mzee anaimba. Haimbi! Kelele ya pumzi na nyuzi vinakutana ndani ya kichwa chako.

Kati ya hizo tatu, kwangu hii njo kubwa kuliko zote. Kwa Konono kelele inaongeza mwili. Kwa Sisso inaongeza mwendo. Kwa inanga kelele ni mwimbaji mwenyewe.

Sisemi kila rekodi mbaya ni sanaa. Ziko nyimbo nyingi hapa Uvira ambazo zimerekodiwa vibaya kwa sababu tu hakuna aliyejali, na mwenye wimbo anastahili kuambiwa. Lakini kabla hatujasema "chafu", tujiulize: nikiondoa hii kelele, wimbo unabaki? Fundi wangu hakujiuliza, na mimi mwenye babu sikujiuliza. Nilikuwa naona haya. Nilitaka babu afanane na redio.

Na kwetu swali hili haliko la kupoteza muda. Vita vimeshusha watu kutoka milimani. Vijiji vingine vimebaki majivu, na wazee waliojua hizi nyimbo wanazikwa mbali na nyumbani. Hatuna lebo, hatuna nyumba ya kutunza kanda. Tuna simu. Kwa hiyo, mwenzangu unayerekodi: omba ruhusa, andika jina la mwimbaji, mahali na tarehe, ukitaka kusafisha safisha nakala, na ile ya kwanza usiiguse. Weka sehemu mbili, maana simu inaibiwa.

Mimi nimebaki na dakika nne za nyuzi. Kama kuna aliye na mnong'ono wa mzee yeyote wa kule juu, hata kama mbuzi wanalia ndani yake, asiufute. Anitumie kama ulivyo.