Kwa nini karata tano za aina moja hushinda mfululizo

Mtu aliyelelewa na karata za pwani, awe wa Kaole, wa Bagamoyo mjini au wa ng'ambo Unguja, huiendea poka akiamini kwamba karata ina nguvu yake yenyewe. Ana haki ya kuamini hivyo. Katika wahedi wa sitini kila karata imeshapewa cheo kabla haijagawiwa: ree ina pointi 11, saba 10, mzungu wa nne 4, mzungu wa tatu 3, mzungu wa pili 2, na zilizobaki ni tupu. Aina moja inatoa pointi 30. Kopa, uru, pau na shupaza kwa pamoja 120. Ukifika 61 umevuka nusu, umeshinda. Juu ya yote ipo turufu, ambayo hata ikiwa ndogo inaila ree ya aina nyingine.

Cheo hicho ni cha kurithi. Wareno nao, katika mchezo wao wa Sueca, huiweka saba juu ya mfalme kwa pointi zilezile. Hesabu haiwezi kueleza kwa nini saba imshinde mfalme. Tumeikuta hivyo, tunacheza hivyo.

Poka haina turufu, na kopa haiizidi pau. Mkono wa karata tano hupimwa kwa swali moja: unaweza kupatikana kwa njia ngapi? Karata 52 hutoa mikono 2,598,960. Jozi moja hupatikana kwa njia 1,098,240, jozi mbili 123,552, tatu za namba moja 54,912. Kadiri njia zinavyopungua, ndivyo cheo kinavyopanda.

Wanaojifunza hubishana zaidi kuhusu mfululizo na karata tano za aina moja. Mfululizo, tuseme 5, 6, 7, 8, 9, unaonekana kama kazi ngumu zaidi, maana kila karata lazima ikae mahali pake. Tuhesabu. Mfululizo unaweza kuanzia mahali 10, na kila namba ina aina nne za kuchagua: 4 mara tano ni 1,024, jumla 10,240. Aina moja ina karata 13. Kuchagua tano kati yake kuna njia 1,287, na kwa aina nne ni 5,148. Toa 40 kila upande, ile mikono ambayo ni mfululizo na aina moja kwa pamoja, maana ina cheo chake cha juu kabisa. Zinabaki 10,200 na 5,108. Mfululizo ni rahisi karibu mara mbili, macho yalitudanganya.

Juu ya aina moja hukaa tatu na jozi, njia 3,744, kisha nne za namba moja, 624.

Hapa ndipo karata zetu zinaponivutia kuliko kitabu chochote cha poka. Kwa wahedi wa sitini tunaweka kando 8, 9 na 10, zinabaki 40. Jaribu poka kwa karata hizo, na ngazi inavunjika. Aina moja sasa ina karata 10, njia za kuchagua tano ni 252, kwa aina nne hazizidi 1,008. Tatu na jozi zina njia 2,160. Aina moja imekuwa adimu zaidi, kwa hiyo ni haki ipande juu ya tatu na jozi, ingawa bado iko chini ya nne za namba moja, zenye njia 360. Anayeng'ang'ania mpangilio wa karata 52 hapo anamdhulumu mwenzake.

Mfululizo unahitaji makubaliano kabla ya kugawa: baada ya 7 anafuata mzungu wa pili au wa tatu? Jibu lolote halibadili idadi ya njia, lakini litabadili nani anakula mezani.