Nyota katika Mizani ya Maabara

Wazee wa pwani walituachia msemo juu ya kundi la nyota liitwalo Kilimia: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Mkulima aliutumia kujua majira ya kupanda, na nahodha alitazama nyota nyingine kujua njia. Kwa hiyo, msomaji, ikiwa wasoma Bofu, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, au mahali pengine po pote pa mwambao huu, elimu ya nyota si mgeni kwenu. Walakini wazee hao walipima mwendo wa nyota tu; moto wake hawakuwa na chombo cha kuupimia. Swali la kuni zinazowasha nyota lilingoja karne ya 20, na sehemu kubwa ya jawabu lake haikushuka kutoka mbinguni, bali ilitoka katika vyumba vya mashine hapa duniani. Nataka tuitahakiki makala moja mashuhuri iliyokusanya jawabu hilo, tuone ubora wake na upungufu wake.

Makala hiyo ilichapishwa Marekani mwaka 1957. Ina kurasa zaidi ya 100, na jina lake kwa lugha yetu laweza kuwa Uundaji wa Elementi katika Nyota. Waandishi wake ni wanne: Margaret Burbidge na mumewe Geoffrey Burbidge, William Fowler, na Fred Hoyle. Kichwani pake wameweka maneno mawili kutoka tamthilia za Shakespeare. La kwanza lazipa nyota mamlaka juu ya hali za wanadamu. La pili, lililotolewa katika tamthilia ya Julius Caesar ambayo Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1963, laziondolea nyota lawama ya makosa yetu. Yaonekana kama mzaha, lakini mzaha huo una maana, kwa sababu makala nzima yauliza ni kiasi gani cha maumbile yetu tuna deni nacho kwa nyota.

Jawabu lao ni la ajabu. Chuma cha jembe, oksijeni tuivutayo, na kaboni iliyomo katika kila jani la mnazi, vyote vilipikwa ndani ya nyota kutokana na vitu vyepesi zaidi. Wanaeleza njia 8 za upishi huo: mojawapo ni haidrojeni kugeuka heli, nyingine ni heli kugeuka kaboni, na kadhalika mpaka dhahabu na urani.

Dai kubwa hudai ushahidi mkubwa. Tazama kwanza ugumu wa jambo lenyewe. Viini vya atomu vina umeme wa namna moja, na umeme wa namna moja husukumana. Ili viini viwili viungane, hapana budi vishinde msukumano huo. Kitovu cha jua kina joto la digrii milioni 15 hivi, na hata joto hilo halitoshi kuvipandisha viini juu ya kizuizi. Mwaka 1928 George Gamow alionyesha kwamba kwa kanuni za vitu vidogo mno, kiini chaweza mara chache kutokea upande wa pili bila kupanda kizuizi: ni kama mtu asiye na chombo wala asiyejua kuogelea, aliyesimama Likoni, mara akaonekana kisiwani Mombasa na nguo zake ni kavu. Uchache wa jambo hilo ni rehema kwetu. Lau viini vingaliungana kwa urahisi, jua lingalimaliza akiba yake zamani, wala hatungalikuwapo kulijadili.

Lakini rehema hiyo kwa viumbe ni adha kwa mpimaji. Katika maabara, mashine hurusha viini kwa kasi dhidi ya shabaha nyembamba, na vyombo vya kuhesabu huandika kila muungano. Kasi ikiwa kubwa, hesabu ni nyingi. Kasi ikipunguzwa ifanane na ile ya viini vya ndani ya nyota, hesabu hupungua mpaka kukaribia kutoweka, tena miale itokayo angani huvigonga vyombo na kuleta hesabu za uongo. Basi Fowler na wenzake wa maabara ya Kellogg, katika Chuo cha Teknolojia cha California, walipima pale palipopimika, kisha wakafuata mwelekeo wa vipimo hadi pale pasipopimika. Walifanya kama nahodha atupaye bildi karibu na pwani, akaona kina kinavyoongezeka, akakadiria kina cha mbele. Makadirio hayo ni mazuri maadamu hapana mwamba uliofichika njiani.

Na mwamba mmoja uliofichika ndio ulioipa kazi yao sifa kuu. Viini vitatu vya heli hufanya kiini cha kaboni, lakini hesabu za awali zilionyesha kwamba kaboni ingekuwa kidogo mno. Mwaka 1953 Hoyle alikwenda California, akasema: kwa kuwa kaboni ipo tele, lazima kiini chake kiwe na hali maalumu ya nishati mahali fulani, nami nimepata hesabu yake. Ward Whaling na wenzake walipima, wakaikuta hali hiyo karibu na pale pale alipopataja. Mtu alitazama nyota, akatabiri jambo la ndani ya atomu, na mizani ya maabara ikamsadiki. Katika historia ya elimu mifano ya namna hii si mingi.

Nguzo ya pili ni ya macho. Mwaka 1952 Paul Merrill alikuwa ameona dalili za teknesiamu katika mwanga wa nyota fulani. Elementi hiyo huoza: hata namna yake iishiyo sana, nusu yake hupotea katika miaka milioni 4 hivi, na nyota huishi muda mrefu zaidi ya huo. Kwa hiyo iliundwa humo humo, na upishi hauna ubishi. Margaret Burbidge naye alileta vipimo vya mwanga wa nyota, ingawa mwaka 1955 aliweza kutumia darubini za Mlima Wilson kwa kuhesabiwa msaidizi wa mumewe, kwa kuwa wanawake hawakupewa nafasi hiyo kwa haki yao wenyewe. Wasichana mnaosoma kurasa hizi, jueni kwamba jina lake ndilo la kwanza juu ya makala.

Sasa tuseme upungufu. Kwanza, waandishi walipenda elementi zote zitoke katika nyota, wakakosa kwa heli; mwaka 1964 Hoyle mwenyewe, pamoja na Roger Tayler, alionyesha kwamba heli ya ulimwengu ni nyingi kuliko nyota ziwezavyo kufanya. Pili, kiwanda cha dhahabu walikiweka katika nyota zinazolipuka. Tarehe 17 Agosti 1967 hawakuwa na cha kuwapinga, lakini tarehe 17 Agosti 2017 wapimaji waliona nyota mbili za nutroni zikigongana, na mwanga wake ukaonyesha elementi nzito zikizaliwa. Tatu, hawakujua asili ya lithi, berili na boroni. Lakini angalia adabu yao: njia hiyo waliipa herufi x, kama wanahesabu wafanyavyo kwa kitu kisichojulikana. Jawabu lilipatikana baadaye, kwamba nyingi kati ya hizo huzaliwa miale ya angani inapovunja viini vikubwa zaidi.

Upungufu wa nne, ule wa makadirio ya nahodha, ulihitaji subira. Katika miaka ya 1990 wataalamu walijenga mashine chini ya mlima wa Gran Sasso, Italia, chini ya mwamba wa meta 1,400 unaozuia miale ya angani. Walipopima muungano wa aina moja ya heli kwa kasi za ndani ya jua, mwisho wa kipimo walipata matukio 2 hivi kwa mwezi. Wafikirie watu wanaongoja mwezi mzima kwa hesabu mbili! Baadaye walipima muungano wa haidrojeni na naitrojeni, wakauona wa polepole kiasi cha nusu ya ulivyodhaniwa. Kosa hilo dogo la maabara lilikuwa kosa kubwa mbinguni: umri wa makundi ya nyota kongwe ukalazimika kuongezwa kwa miaka milioni mia kadhaa. Hata hivyo, muungano wa kwanza kabisa wa jua, wa haidrojeni kwa haidrojeni, haujapimwa moja kwa moja katika maabara, kwa sababu ni adimu mno. Tunautegemea kwa hesabu tu.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo haya ni ya ng'ambo pekee. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipoadhimisha miaka 7 ya uhuru, setilaiti ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka Mombasa. Iliitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kutazama eksirei za angani tu, nayo ilisaidia kuonyesha nyota za nutroni zinazonyonya gesi ya nyota jirani. Ni jamaa ya nyota zile zile zilizoonekana zikigongana mwaka 2017, na jina la Kiswahili limo katika daftari la kuzichunguza.

Hukumu yangu ni kwamba makala ya 1957 yastahili sifa, si kwa kuwa haikukosea, bali kwa kuwa ilitenganisha kilichopimwa, kilichohesabiwa na kilichokisiwa, hata waliokuja nyuma wakajua wapi pa kutengeneza. Mwaka 1983 Fowler alipewa tuzo ya Nobel pamoja na Chandrasekhar, na Hoyle akaachwa. Wengi waliona hakutendewa haki, nami ni mmoja wao, maana ndiye aliyetangulia kuuona mwamba kabla ya bildi kuugusa.

Nawe ukiandika majibu ya jaribio katika maabara ya shule yako, fuata mwenendo wa hao wanne. Andika ulichopima kuwa umekipima, na ulichokisia kuwa umekikisia. Na usichokijua, kipe herufi x bila haya. Atakayekuja nyuma yako atakushukuru.