Mafundi wa Maji na Giza

Tarehe 23 Februari 1987, tangi la maji lililojengwa ndani ya mgodi wa Kamioka, Japani, lilinasa nyutrino 11 kutoka nyota iliyolipuka nje ya galaksi yetu. Kumi na moja tu! Mtu atauliza: jasho lote lile kwa chembe zisizotimia dazeni? Anasahau kwamba karibu nyutrino zote hupenya dunia nzima bila kugusa kitu. Kunasa hata moja kunadai maji mengi, safi kupindukia, na giza totoro. Tangi lililofuata, Super-Kamiokande, lina tani 50,000 za maji, mita 1,000 chini ya mlima, na macho ya kioo ya kunasa mwanga yapata 11,000, kila moja lenye upana wa sentimita 50. Mwaka 2001, tangi likijazwa, jicho moja lilipasuka; mshindo wake ukavunja mengine maelfu. Mafundi wakazoa vigae, wakayapanga upya yaliyosalia, wakayavika kofia za akriliki moja baada ya jingine. Mwaka 2018 walirudi ndani kuziba viungo vya chuma vilivyovuja. Nyota nyingine itakayolipuka haitatoa taarifa, na nyutrino zake zitapita kwa sekunde chache. Ndiyo maana maji yale husafishwa mfululizo, usiku na mchana.