Kiganja Juu ya Goti

Ukitaka kumjua fundi wa fiziotherapia, mtazame akimfundisha mzee aliyepigwa na kiharusi kuinuka. Jamaa hukimbilia kumvuta mkono uliopooza. Fundi huwazuia kwa adabu: bega lililolegea halina misuli ya kulishikilia, na likivutwa huweza kuteguka. Yeye huchuchumaa mbele ya mzee. Huurudisha mguu dhaifu nyuma kidogo, huweka kiganja juu ya goti la mguu huo, kisha humwambia ainame mpaka pua ipite vidole vya miguu. Kow, laba, saddex – moja, mbili, tatu kwa Kisomali! Makalio yananyanyuka. Kiganja kile hakimwinui mtu. Kinapima kama uzito umeufikia mguu mgonjwa au mzee ameuegemeza wote kwenye ule mzima. Akikwepa, anakaa, wanaanza upya.

Ustadi huu una thamani ya pekee Hagadera, mojawapo ya kambi za wakimbizi za Dadaab nchini Kenya, iliyofunguliwa mwaka 1992. Hospitali yake imeendeshwa na shirika la International Rescue Committee, na shirika la Humanity & Inclusion, zamani Handicap International, limefanya kazi ya utengamao Dadaab kwa miaka mingi. Lakini mgonjwa anaishi nyumbani, na nyumbani kuna gambar, kigoda kifupi cha Kisomali. Kiti kikiwa kifupi, kuinuka huwa kugumu. Basi fundi huanzia ukingo wa kitanda, hushuka hatua kwa hatua, gambar ikaja mwisho. Nje kuna mchanga, nao hunasa mguu unaoburuta.

Kurudia huku kote kuna sababu: sehemu ya ubongo iliyokufa haifufuki. Zilizobaki hai ndizo hujifunza kazi yake, na hujifunza kwa kurudia kitendo chenyewe mara nyingi. Pupa nayo ina hasara: utafiti wa zaidi ya wagonjwa 2,000 katika nchi 5, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kuwa mazoezi mengi ya kuwatoa kitandani ndani ya saa 24 za kwanza yalipunguza uwezekano wa kupona vizuri.

Ninachokistahi zaidi ni fundi anayemuuliza mzee anataka kufanya nini. Wengi watataja swala. Dini inamruhusu mgonjwa kuswali ameketi, lakini yeye anataka kusimama na kurukuu, na hayo tayari ni mazoezi ya mizani. Sijda huchelewa. Kiganja kilichofumba hukunjuliwa taratibu, kikalazwa mkekani, kiwiko kikashikiliwa kisikunjike. Kurudi juu, mguu mzima hutangulizwa mbele, na fundi hukaa upande ule dhaifu.