Tathlitha Tatu za Barbra Banda

Mpirani kuna desturi inayojulikana hadi kwenye chandimu: mtu akifunga matatu katika mechi moja, mpira ni wake, aondoke nao. Desturi hiyo haina habari na matokeo. Aliyeshinda na aliyezabwa kumi wote wanatoka na mpira kwapani. Na hizo kumi sikuzitia chumvi. Tarehe 21 Julai 2021, kwenye Uwanja wa Miyagi nchini Japani, Barbra Banda, nahodha wa Zambia mwenye miaka 21, aliifunga Uholanzi mara tatu katika mechi ya kwanza kabisa ya wanawake wa Zambia kwenye soka la Olimpiki. Uholanzi wakashinda 10–3.

Siku tatu baadaye akaifunga China matatu, mechi ikaisha 4–4. Hakuna mwanamke aliyewahi kufunga hetitriki mbili mfululizo kwenye Olimpiki kabla yake. Tarehe 28 Julai 2024, safari hii mjini Nice, Ufaransa, akaifunga Australia matatu mengine. Zambia wakalala 6–5. Mechi tatu, mabao tisa, pointi moja.

Ukizisoma takwimu hizo kama orodha utapata rekodi na huruma, na baada ya hapo huna la kuongeza. Mimi nataka kuzisoma kama zinavyosomwa beti, kwa kuuliza kila mshororo umekaa wapi. Washairi wetu wana jina la ubeti wa mishororo mitatu: tathlitha. Si umbo la mchezo. Tarbia, yenye minne, humpa mtunzi nafasi ya kuvuta pumzi kabla ya kituo. Tathlitha haimpi, ukishaanza na ukaongeza, mshororo wa tatu sharti ufunge. Na hapo ndipo lugha yetu inapomtega msomaji wa Banda, maana Kiswahili kina neno moja kwa kazi mbili: kufunga bao na kufunga mlango. Yeye alifunga mara tisa, na mlango ukabaki wazi.

Tuanze na Uholanzi. Dakika ya 20, ya 82, ya 83. Bao la kwanza lilikuja Uholanzi wakiongoza 3–0, likafuatiwa na ukimya wa zaidi ya saa nzima, kisha mawili yakatoka kwa pumzi moja. Mapumziko yalikuwa yamefika kwa 6–1, na kufikia dakika ya 80 hakuna aliyekuwa akiuliza nani atashinda. Watangazaji wetu wangeyaita mabao ya aina hiyo "ya kufutia machozi", na mara nyingi jina hilo huwa sahihi. Hapa silikubali. Bao la kufutia machozi huwa moja, hupatikana kwa bahati au kwa hisani ya beki aliyekwisha kuchoka kushinda. Timu inayofungwa kumi huwa na miguu mizito, na mbio za kupenya nyuma ya mabeki ndizo hufa mwanzo, kwa sababu ni mbio za kuomba: unakimbia mara saba upate pasi moja. Mbio za Banda hazikufa. Mabao yale mawili hayakubadilisha chochote ubaoni, lakini yanatuambia kuwa alicheza dakika ya 82 kama alivyocheza ya 20, na sifa hiyo huwezi kuiona katika ushindi.

Tathlitha ya pili ndiyo ninayoirudia zaidi. Mabao mawili ya kwanza yalikuja dakika ya 43 na ya 46. Angalia mizani: moja huku, moja kule, na katikati yake mapumziko. Mshororo wa Kiswahili una ukwapi na utao, na kati yao kuna pengo ambalo msomaji hafai kulijaza wala kuliruka. Timu nyingi huyafanya mapumziko kuwa nukta. Wachezaji wanarudi wakiwa watu wengine, na mechi inaanza upya. Banda aliyageuza kuwa koma. Aliingia vyumbani akiwa ameipunguza 3–1 ikawa 3–2, akatoka na kuendelea na sentensi ileile: 3–3, kisha 4–3 kwa Zambia. Ukitaka kumfundisha mtu kwamba mchezo una mdundo, mwoneshe mabao hayo na usimwambie neno.

Lakini upande wa pili alikuwapo Wang Shuang. Mabao yote manne ya China ni yake. Matatu alikwisha kuyafunga Banda hajaanza, na la nne, la kusawazisha, likaja kwa penalti dakika ya 83. Banda alileta tathlitha, mwenzake akamjibu kwa tarbia. Kinachonishangaza ni kwamba ndivyo ilivyokuwa dhidi ya Uholanzi pia: Vivianne Miedema wao naye alifunga manne. Mara mbili mfululizo, kwenye jukwaa kubwa namna hiyo, mtu anafunga matatu na bado si yeye aliyefunga mengi zaidi uwanjani!

Ya Nice imegeuzwa kichwa chini. Bao la kwanza lilikuja katika dakika ya kwanza, la pili dakika ya 33, na la tatu katika dakika za nyongeza za kipindi cha kwanza. Kwa hiyo tathlitha ya kwanza iliegemea mwisho wa mechi, ya pili ilikaa katikati, ya tatu mwanzoni. Ni kama mtu aliyekuwa akihamisha matatu yake kutafuta mahali yatakapotosha. Najua hakupanga, straika hachagui dakika. Ila umbo lipo, lijapokuwa halina mtunzi, na linaonesha kuwa hapakuwa na mahali pa kuyaweka yakaleta ushindi. Mwenzake Rachael Kundananji alipofunga la tano, Zambia wakaongoza 5–2. Kisha yakaingia manne, yote ya Australia, la mwisho likiwa la Michelle Heyman dakika ya 90. Jumlisha mechi zote tatu: Zambia walifunga 12, wakafungwa 20.

Nisije nikaeleweka kana kwamba Banda hakuwahi kufunga bao la maana akiwa na jezi ya Zambia. Julai 2023, huko Fürth, katika mechi ya kirafiki, alifunga mawili Ujerumani wakalala 3–2, na la ushindi lilipatikana zikiwa zimechezwa dakika 12 za nyongeza. Mwezi huohuo penalti yake dhidi ya Costa Rica ikawa bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Penalti ile naipita haraka. Ni namba nzuri kwenye bao la kawaida.

Kuna jambo jingine linalomsumbua msomaji wa Banda, nalo ni ngumi. Aliwahi kupigana ngumi za kulipwa, na watangazaji hawaliachi: kila akimshinda beki, ni nguvu, ni bondia. Nguvu anazo. Ila ngumi humfundisha mtu zaidi kupima umbali na kusubiri, na ukimtazama kwa utulivu utaona anapunguza mwendo pale ambapo wengine wangeongeza.

Ushahidi ni bao moja. Orlando Pride walimnunua kutoka Shanghai mwaka 2024 kwa dola 740,000, na tarehe 23 Novemba wakacheza fainali ya ligi ya Marekani mjini Kansas City dhidi ya Washington Spirit. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumapili. Dakika ya 37 mwenzake Angelina akamtumia mpira upande wa kulia. Banda akauchukua, akaingia nao kwenye kumi na nane, na hapo akapunguza. Beki aliyekuwa akirudi kinyumenyume akalazimika kuamua kabla yake. Banda akakata kuja mguu wa kushoto, akaachia shuti ya chini iliyompita kipa Aubrey Kingsbury. Mshororo mmoja, na nguvu ndiyo iliyokuwa na kazi ndogo kuliko yote ndani yake.

Bao hilo likawa la pekee katika mechi, akatajwa mchezaji bora wa fainali. Nikililinganisha na mabao yale tisa, silioni likiwa bora kuliko la 46 dhidi ya China. Kilichobadilika kilikuwa upande wa pili wa uwanja, alikokuwa amesimama Anna Moorhouse, kipa aliyekuwa amemaliza mechi 13 za msimu ule wa ligi bila kuruhusu bao. Washington walipiga hodi kipindi chote cha pili, na ndani hakuna aliyeitikia "karibu".