Kranki Kwanza: Jinsi Injini ya BSA M20 Inavyojengwa Upya

Injini ya pikipiki ya BSA M20, iliyoingia sokoni mwaka 1937 kutoka Birmingham, Uingereza, na kupelekwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia kwa idadi ya takriban 126,000, ina silinda moja yenye kipenyo cha milimita 82, ambamo pistoni husafiri milimita 94, hivyo ujazo wake ni cc 496. Vali zake husimama ubavuni mwa silinda na husukumwa na tapeti kutoka chini, kwa hiyo kichwa cha silinda hakina kinachocheza ndani yake. Ni kifuniko chenye chemba ya mwako na tundu la plagi. Umbo hilo jepesi limewafanya warekebishaji wengi waamini kwamba silinda ikichongwa na pistoni mpya ikaingia, kazi imekwisha. Imani hiyo imeua injini nyingi, kwa sababu umri wa M20 huamuliwa na kranki pamoja na njia ya oili, na vyote viwili havikaguliki ipasavyo mpaka kasha la injini litenganishwe pande mbili.

Kranki yenyewe ni ya kuunganishwa: flaiwili mbili, yaani magurudumu mazito ya chuma yanayotunza mwendo kati ya mlipuko mmoja na mwingine, hushikanishwa na pini moja inayokazwa kwa nati kubwa, na konrodi huizunguka pini hiyo juu ya beringi ya rola. Konrodi ikivutwa juu na kusukumwa chini isionyeshe ulegevu wowote unaohisika mkononi. Kutikisika kidogo kwenda pembeni ni jambo la kawaida, na wanaochanganya mambo haya mawili ama hufungua kranki isiyo na kosa au huiacha iliyokwisha. Pini mpya inapowekwa, tundu lake la oili lazima lielekee sawasawa na mfereji uliotobolewa ndani ya flaiwili, kwani likipishana, rola zitazunguka kavu na kuharibika baada ya mwendo mfupi.

Hatua inayofuata ndiyo inayomtofautisha fundi na mfungaji wa nati. Kranki huwekwa kati ya ncha mbili za mashine ya kukerezea, ikazungushwa taratibu huku saa ya kupimia ikigusa shafti ya kila upande, na fundi makini hatosheki mpaka mtikisiko uwe ndani ya milimita 0.05. Sindano ikicheza zaidi, huenda flaiwili moja imezunguka kidogo kwenye pini na kuipita mwenziwe, kosa ambalo husahihishwa kwa kuigonga pembeni kwa nyundo ya shaba, au flaiwili zimebanana upande mmoja na kuachana upande mwingine, hali inayotaka kabari au jiliwa. Kila pigo hufuatwa na kipimo kipya, na subira hii haina mbadala, kwa kuwa kranki iliyopinda itakula beringi mpya hata zikiwa za thamani kiasi gani.

Tofauti na pikipiki nyingi za bodaboda, ambazo oili yake hukaa chini ya injini, M20 huweka oili katika tangi la pembeni, na pampu yenye jozi mbili za gia hufanya kazi mbili: jozi moja hupeleka oili kwenye kranki, na nyingine, ambayo ni kubwa zaidi ili kasha lisijae, huirudisha tangini. Mikwaruzo kwenye nyuso za pampu husawazishwa juu ya kioo bapa kwa unga laini wa kusagia. Vali ndogo za gololi nazo zisidharauliwe, kwani gololi isiyokaa vizuri huiachia oili yote ishuke kwenye kasha pikipiki ikiwa imeegeshwa.

Juu ya kasha, mambo ni mepesi zaidi. Silinda hupimwa katika vina kadhaa na kwa pande mbili, kwa sababu huliwa zaidi karibu na mwisho wa juu wa mwendo wa ringi, kisha huchongwa kufikia saizi ya pistoni iliyokwisha kununuliwa na kupimwa. Vali ya moshi huhitaji uangalifu kwa kuwa kitako chake kimo ndani ya chuma cha silinda, na petroli ya sasa haina risasi iliyokuwa ikikikinga. Kitako kilichozama huwekewa pete ya chuma kigumu.

Nati na bolti nyingi ni za vipimo vya Kiingereza, na spana za milimita huzila pembe, hivyo kuanza bila spana za Whitworth ni kujitafutia hasara. Injini inapowashwa mara ya kwanza, mfuniko wa tangi la oili huachwa wazi, na oili isipoonekana ikirudi kupitia mrija wake muda mfupi baadaye, injini huzimwa papo hapo na pampu ikafunguliwa tena.