Upinde wa Nyuma

Chutama ubavuni mwa MGB ya miaka ya 60, macho yako yawe usawa wa kitasa cha mlango, kisha ufuate ule utepe wa kromu unaopita kwenye bodi kutoka mbele hadi nyuma. Gari likiwa zima, utepe huo huenda sambamba na barabara au huinama kidogo mno kuelekea pua. Springi za nyuma zikishachoka, unainamia mkiani, tairi linamezwa na madigadi, na gari lililochorwa likae tayari kuondoka linaonekana limelemewa hata likiwa tupu. Milimita 20 tu hutosha kuleta tofauti hiyo. Kuzirudisha milimita hizo, au kuziondoa pale zilipozidi, ni ufundi ambao kwa maoni yangu haujasifiwa inavyostahili.

MGB iliundwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na ukizihesabu aina zake zote zilipita magari 500,000. Nyuma yake hakukuwa na jambo geni: ekseli moja ngumu, difu katikati, na springi mbili za bapa chini yake. Springi ya namna hiyo ni kongwe kuliko gari lenyewe. Obadiah Elliott aliipatia hataza mjini London mwaka 1804, akiwa na mikokoteni ya farasi akilini. Bapa la juu ndilo refu, na ncha zake zimekunjwa kuwa pete. Pete ya mbele imefungwa kwenye bodi kwa bolti. Ya nyuma imening'inizwa kwenye kiungo kinachobembea, kwa kuwa springi inapolala hurefuka na lazima ipate pa kwenda. Chini ya bapa hilo yamepangwa mengine, kila moja fupi kuliko la juu yake, yote yameshikwa na bolti moja ya katikati ambayo kichwa chake huingia kwenye tundu la ekseli. Yubolti mbili kila upande hulibana fungu zima.

Vipande hivyo vya chuma hufanya kazi nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo ninapovistaajabia. Hubeba uzito. Huizuia ekseli isiende mbele, nyuma wala kando. Hupambana nayo inapotaka kujisokota dereva anapokanyaga mafuta. Tena kule kusuguana kwa bapa na bapa hupunguza mneso, kazi ambayo kwa kawaida tunaihesabia shokapu peke yake. Anayegusa kimo cha gari hili amegusa yote hayo, atake asitake. Kwa sababu hiyo fundi hodari wa springi hutambulika mapema: hana haraka ya kufungua nati.

Kwanza anapima, na hapimi kutoka sakafuni. Sakafu ina mabonde yake, na upepo wa tairi hubadilika kila juma. Hupima kutoka katikati ya gurudumu kwenda juu hadi ukingo wa madigadi, kwa sababu umbali huo ndio springi inaoutawala. Kabla ya hapo hutazama geji ya mafuta, maana tangi liko nyuma na petroli ni mzigo. Huweka mifuko ya mchanga yenye uzito wa dereva kitini, kwani katika gari dogo la michezo viti vimesogea sana karibu na ekseli ya nyuma. Hulisukuma gari mbele na nyuma, hulikandamiza buti na kuliachia, ili raba na bapa zikae zinapotaka kukaa. Ndipo huandika namba zake kwa chaki.

Pande zikitofautiana, bado hajui ni springi ipi imechoka. Bodi ya MGB ni gamba moja gumu lisilo na chasisi ya peke yake, na springi ya mbele kushoto ikinepa inaweza kulilaza gari zima hadi nyuma. Kuna njia safi ya kulitegua fumbo hilo. Jeki huwekwa katikati kabisa ya mhimili wa mbele na kuinuliwa mpaka magurudumu ya mbele yaache ardhi. Mbele sasa haina tena la kusema kuhusu kushoto wala kulia, kwa kuwa inasimama kwenye nukta moja. Mlalo unaobaki ni wa springi za nyuma, mlalo uliotoweka ulikuwa wa mbele. Sijaona katika karakana jaribio lenye akili kulishinda hilo, na halihitaji kifaa kingine zaidi ya jeki.

Wenye Land Rover za zamani hapa kwetu wanaijua habari ya pande kutofautiana, maana magari yale yalitoka kiwandani na springi ya upande wa dereva ikiwa na upinde mkubwa kidogo. Dereva mara nyingi husafiri peke yake, na mhandisi alimfikiria.

Mwaka 1974 kimo cha MGB kilibadilishwa na wenye kiwanda wenyewe. Sheria za Marekani zilidai bampa na taa ziwe juu zaidi, na soko kubwa la gari hilo lilikuwa huko. Likavishwa bampa nzito nyeusi na kuinuliwa kama inchi moja, yaani milimita 25. Lililokuwa likikata kona kwa utulivu likaanza kuyumba. Tangu hapo wapenzi wa gari hilo wamekuwa wakilishusha, na wengi wao huanzia nyuma, kwa kuwa nyuma ni rahisi.

Urahisi huo una majaribu yake. Njia ya mkato ni kipande cha alumini, bloku, kinachowekwa kati ya springi na ekseli. Bloku ya milimita 25 hushusha gari milimita 25 kamili, na mchana mmoja unatosha. Siidharau, kwa springi yenye afya iliyozidi kimo ni dawa halali, mradi yubolti ziwe na urefu wa kutosha na bolti ya katikati ipate tundu lake. Lakini ekseli sasa imesogea mbali na springi, na inapojisokota ina wenzo mrefu zaidi wa kuipindia. Ile raba inayoizuia ekseli isigonge bodi nayo imepoteza milimita 25 za nafasi, na mkono wa shokapu haulali tena kwenye pembe yake. Wengine huchomoa bapa moja. Hilo nalikataa waziwazi: gari linashuka, ndiyo, ila nguvu ya kubeba na ya kuizuia ekseli inashuka pamoja nalo. Na anayetaka kupandisha kwa kurefusha kile kiungo cha nyuma ajue kwamba milimita 50 alizoongeza pale hufika kwenye ekseli kama 25 tu, kwa kuwa ekseli iko katikati ya springi. Halafu difu inainamishwa isivyotakiwa.

Ufundi wenyewe hasa ni kuurekebisha upinde. Springi hufunguliwa, kila bapa husafishwa kutu, na umbo lake huchorwa sakafuni kwa chaki kando ya umbo linalotakiwa. Kisha linalazwa juu ya fuawe yenye pengo na kupigwa nyundo likiwa baridi, pigo kando ya pigo, kutoka katikati kwenda nchani. Likipigwa sana mahali pamoja linavunjika mgongo, na mahali hapo ndipo litakapokatikia siku moja. Moto wa gesi ni mwiko. Chuma cha springi kimepata mnepo wake kwa kupashwa, kuzamishwa kwenye mafuta na kupashwa tena kwa kipimo; mwali wa dakika chache hukifanya chuma cha kawaida, kitakachonepa kwenye tuta la kwanza.

Jambo la ndani zaidi ni kwamba mabapa hayapewi upinde mmoja. Kila bapa fupi hupindwa kidogo zaidi ya lile lililo juu yake, hivyo ukiyapanga yanaacha mwanga katikati yao. Bolti ya katikati ikikazwa, mwanga unafungwa na mabapa yanakumbatiana kwa nguvu hadi ncha. Bapa la juu, linalobeba pete na kwa hiyo usalama wa wote, linapata nafuu kutoka kwa wadogo wake kabla halijawekewa mzigo wowote. Unene nao una sheria kali: bapa lenye unene maradufu ni gumu mara nane. Fundi wa Kamukunji, Nairobi, anayepiga springi za malori huenda hajawahi kuiandika hesabu hiyo, lakini mkono wake unaijua, na angepewa springi ya MGB angeshangaa tu kwa wembamba wake.

Mafundi wa mashindano ya Safari Rally waliutumia ujuzi huohuo kinyume chake, wakiinua. Hannu Mikkola na Gunnar Palm walishinda mwaka 1972 kwa Ford Escort RS1600, na Björn Waldegård na Hans Thorszelius mwaka 1977 kwa Escort RS1800. Magari yote mawili yalikuwa na ekseli ngumu na springi za bapa nyuma. Kimo sahihi hutokana na barabara iliyo mbele ya gari.

Springi iliyotiwa upinde upya hukandamizwa kwa nguvu mara kadhaa, kupita mzigo itakaoubeba, ili inepe sasa kile kidogo itakachonepa. Ndipo hurudishwa garini, na hapa wengi huharibu kazi nzuri. Bolti za pete hupitishwa zikiwa legevu. Gari hushushwa, mifuko ya mchanga hurudi kitini, bodi hukandamizwa na kuachiwa, na ni baada ya magurudumu kubeba uzito wote ndipo nati hukazwa. Ukizikaza ekseli ikiwa inaning'inia hewani, raba ya bushi hushikwa katika hali ile. Gari likishuka inabaki imesokotwa, inaisaidia springi kwa uongo, na kimo ulichopima leo hakitakuwapo raba itakapochanika.

Baada ya kilomita mia chache yubolti hukazwa tena na vipimo huchukuliwa upya, kutoka katikati ya gurudumu kama mwanzo, tangi likiwa na mafuta yaleyale. Taa za mbele nazo huelekezwa upya ukutani, kwa sababu mkia ukishuka zinapanda, na ukipanda zinashuka.